Tepe ya Tatu na Usingizi wa Nabintu

Ungemuuliza Bibiane mwaka ule ni kitu gani kimeadimika zaidi Kampala, sukari au sabuni, angekutazama kwa huruma na kukujibu: usingizi. Sukari angalau ilikuwa na foleni yake, na mwenye miguu migumu aliipata. Sabuni ilipitia mlango wa nyuma wa duka. Usingizi haukuwa na foleni wala haukuuzwa kwa magendo, na nyumbani kwake haukuwa umekanyaga tangu Krismasi.

Bibiane alikuwa fundi wa nguo, Mkongomani, Mshi wa Bukavu. Alivuka mpaka miaka minane nyuma, wakati wa vita vya mamluki, cherehani kichwani na mimba tumboni, na mpaka siku hiyo alikuwa hajui kipi kilikuwa kizito zaidi. Alipanga chumba kimoja Nsambya, ng'ambo ya barabara kutoka nyumba za polisi, na polisi ndio waliomlisha: vifungo, mikunjo ya suruali, viuno vya kupunguza maana matumbo nayo yalikuwa yakipungua, na zile tepe nyeupe za mkononi zinazomwambia raia anyenyekee kiasi gani. Mume wake, Mushagalusa, alichuuza vitenge kati ya Bukavu na Kampala, na alionekana nyumbani kwa nadra kama sukari yenyewe.

Mimba ile ndiyo Nabintu. Jamani, Nabintu! Mtoto yule hakuketi. Alitua. Alitua kwenye kiti kama nzi, ukigeuka keshahama. Mtume chumvi kwa jirani, atarudi na paka wa jirani, na ukimwuliza chumvi iko wapi, atashangaa nawe kwa dhati ya moyo wake. Si mkaidi, la hasha, wala si mjinga. Kichwa chake kilikuwa na milango mingi mno na yote imeachwa wazi.

Mwezi wa kwanza mwalimu alimwita Bibiane shuleni.

"Mama Nabintu, nikimwambia aandike sentensi tano, anaandika mbili, ya tatu anaenda kuitafuta dirishani. Halafu anasinzia. Akizinduka anaruka ruka tena. Hadi Pasaka asipotulia, nitamrudisha darasa la kwanza akakae na watoto wa kamasi. Hilo si tisho, ni taarifa."

Bibiane alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara bila kusikia honi. Alijua ugonjwa wa mtoto wake unaanzia wapi. Unaanzia kitandani. Walilala kitanda kimoja, mama ukutani na mtoto ukingoni, na kila usiku taa ikishazimwa tu miguu ya Nabintu ilianza safari. Ilipiga teke, ikasugua shuka, ikapanda ukuta, ikashuka.

"Mama, miguu yangu inataka kwenda."

"Kwenda wapi, Nabintu?"

"Sijui. Haijaniambia."

Ungecheka, nami nacheka, lakini hukuwa wewe uliyepigwa teke la figo mara tisa kabla ya jogoo.

Majirani hawakumwacha mkono. Walimjaza ushauri mpaka ukafurika. Laker, mke wa koplo Otema, Mwacholi mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisema mtoto apewe kichwa cha samaki, akili iko kichwani. Nabintu alikula vichwa vya samaki wiki nzima, na kilichobadilika ni kwamba paka sasa naye alilala kitanda kile kile. Kisha akaja Anselme. Huyu alikuwa Mkongomani mwenzake, katekista wa zamani aliyegundua kwamba makopo yana faida kuliko maandiko, na njia ya kwenda Kabalagala alikuwa na kibanda alichouzia Unga wa Akili.

"Dada yangu, humu muna mizizi saba," alisema Anselme, akigonga kopo. "Mtoto anatulia, analala, anafaulu. Kijiko kimoja kila jioni. Mimi ni mutu wa Kanisa, siwezi kukudanganya."

Nabintu alikunywa kijiko kimoja jioni. Siku mbili hakufumba jicho. Aliimba nyimbo za Krismasi zote, akahamia za Pasaka kabla ya Pasaka yenyewe, akapanga vifungo vya mama yake kwa rangi, akavimwaga, akavipanga tena kwa ukubwa. Asubuhi ya tatu Laker alichovya kidole ndani ya kopo, akaonja, akatema.

"Mama Nabintu, hii ni unga ya ndizi na kahawa!"

"Kahawa?"

"Kahawa kabisa. Ya Masaka. Na nzuri, afadhali tuinywe sisi."

Wakainywa. Bibiane alilia huku anakunywa, akacheka huku analia, na asubuhi ile ile, macho mekundu kama nyanya, akaketi kwenye cherehani na kufanya lile kosa.

Otema, mume wa Laker, alikuwa amepewa shati jipya la kaki, la kwanza baada ya miaka mitatu. La zamani lilikuwa limebaki kola na heshima. Alikuwa koplo, mtu mpole mwenye masikio makubwa, tepe mbili kila mkono. Kazi ya Bibiane ilikuwa kushona tepe mbili kila mkono. Fundi mwenye akili timamu angeifanya akiongea. Lakini Bibiane alikuwa na kopo lililojaa tepe zilizokatwa tayari, na kichwa kilichokuwa kinaanguka kila baada ya mshono. Alishona moja. Akasinzia. Akashona moja. Akasinzia. Alipozinduka hakukumbuka ameshona ngapi, akashona moja. Upande wa pili akaufananisha na wa kwanza, kama alivyofundishwa, maana mikono ya shati lazima ilingane.

Otema alilichukua shati alfajiri ya kesho yake kabla hakujapambazuka, akalivaa akitembea, akaenda zamu.

Sasa sikia. Mwaka ule mtu aliweza kulala mpishi akaamka meja, na yeye mwenyewe akaisikia habari hiyo redioni saa saba mchana akila muhogo. Watu walipanda na kushuka kama ndoo ya kisimani, na aliyeuliza nani kavuta kamba alionekana hana akili. Kwa hiyo askari wa lango alipoona tepe tatu kwenye mkono wa Otema, hakuuliza. Alikaza mgongo. Wa pili naye akakaza. Inspekta wa zamu alizitazama tepe, akamtazama Otema, akawaza ni nani aliyempandisha na yuko juu kiasi gani, akameza mate na kusema, "Hongera, Sajini."

Bibiane alimwona saa sita mchana, akipita ng'ambo ya barabara, jua likimpiga mkononi. Akahesabu. Akafuta macho, akahesabu tena. Sindano ikamchoma kidole na hakuhisi. Alivuka barabara mbio, na kanga ikimvuka nayo.

"Afande! Afande Otema! Lete shati, nimefanya makosa!"

"Makosa gani?" Otema alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ndipo na yeye alipoziona. Halafu masikio yake yakasogea nyuma kidogo, kwa furaha.

"Mama Nabintu," alisema polepole, "leo asubuhi wamenipa kiti. Miaka kumi na moja niko polisi, hakuna siku walinipa kiti."

"Watakufunga, Afande! Na mimi watanifunga!"

"Nani atauliza? Mutu akiuliza, itakuwa ni kama anauliza amri ya wakubwa. Wewe nyamaza, mimi nanyamaza, shati nayo haina mdomo."

Na Laker? Laker alipoambiwa alipiga vigelegele vya ndani kwa ndani, mdomo umefunikwa kwa kiganja. Kesho yake alikwenda bombani na ndoo zake akapita moja kwa moja mbele ya wanawake wote. Hakuna aliyenung'unika. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Bibiane akajua hasa ni nguo ipi, na upande gani wa bega.

Sasa aliogopa kila kitu anachokishona. Alihesabu vifungo mara nne. Alijua kosa la kwanza limepita kwa bahati, la pili halitapita. Mtoto asipolala, mama halali. Mama asipolala, kuna mtu atashonewa kifo chake na uzi mweupe. Akamfunga Nabintu mkono kwa mkono wake, wakapanda hadi kliniki moja ya watoto upande wa Mulago.

Foleni ilichukua asubuhi yote. Nabintu aliitumia kwa kumjulisha kila mgonjwa kwa mgonjwa mwenzake. Zamu yao ilipofika walimkuta muuguzi mnene wa Kinubi kutoka Bombo, jina lake Kaltumi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na macho yasiyodanganyika.

Bibiane alimweleza yote: mwalimu, miguu, vichwa vya samaki, kahawa. Tepe hakuzitaja. Kaltumi alisikiliza bila kuandika kitu. Kisha akamvuta Nabintu, akamshusha kope la chini kwa kidole gumba, akatazama, akafanya "mh."

"Mtoto huyu anakula udongo?"

"Mtoto wangu?" Bibiane aliwaka. "Udongo? Dada, sisi ni maskini lakini..."

"Wa ukutani ndio mtamu," Nabintu alisema kwa moyo mweupe. "Wa njiani una mchanga."

Bibiane alikumbuka shimo la ukutani karibu na kitanda, ambalo miezi yote alikuwa akiwalaumu panya.

"Usione haya," Kaltumi alisema, sauti imeshuka. "Mwili unatafuta kitu, haujui jina lake, unalamba ukuta. Tazama hapa ndani ya kope, peupe kama sahani. Damu yake ni haba. Anataka madini ya chuma."

"Na miguu?"

"Nimewaona watoto wa damu haba ambao miguu haitulii. Wengine walitulia damu ilipopanda, wengine hawakutulia. Usingizi sikuahidi, na huo mruko wake wa kichwa hapana dawa ya chupa ninayoijua. Mimi nitarudisha kilichopungua. Kikirudi, tutaona nini kinakuja pamoja nacho."

Bibiane alipenda maneno yale kuliko mizizi saba yote. Kaltumi akamhesabia kwa vidole: ini, hata kipande kidogo, kila linapopatikana. Dodo, mboga ile inayoota hata penye takataka. Mukene, wale samaki wadogo wadogo, waliwe na vichwa vyao. Ndimu juu ya chakula. Chai asipewe pamoja na chakula, maana chai huiba dawa. Jioni aoshwe miguu kwa maji ya moto, alale saa ile ile kila siku. Na dawa ya chuma ya maji, kijiko kimoja kutwa, miezi mitatu bila kukatiza.

"Miezi mitatu, umenisikia? Wote wanaacha mtoto akichangamka. Chuma kinajaa polepole."

"Nipe basi hiyo dawa."

Kaltumi alitazama rafu nyuma yake. Palikuwa na chupa moja ya dawa ya minyoo, na mjusi. Alishusha sauti zaidi.

"Huku ilikwisha mwezi wa kumi. Inapatikana dirisha la dawa la maaskari tu, kwa familia za kuanzia sajini kwenda juu. Hawaandiki jina, wanatazama mkono. Una mtu mwenye tepe tatu, dada?"

Bibiane alivitazama vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. Mungu wangu, alisema moyoni, kumbe hukulala wakati mimi nasinzia.

"Ninaye," akasema. "Nimemshona mimi mwenyewe." Kaltumi alidhani ni mzaha.

Jioni ile ile alimweleza Otema, na Otema, ambaye mpaka hapo tepe yake ilikuwa imemletea kiti tu, akaona imepata kazi. Kesho yake alisimama dirishani, akaweka mkono wa kulia juu ya ubao, akaacha tepe ziongee. Akarudi na chupa ya wiki mbili, nyeusi, ndani yake kitu cheusi zaidi.

"Ladha yake ni kama nini?" Nabintu aliuliza.

"Kama zawadi," alisema mama yake.

Nabintu alionja. "Kama misumari," akasahihisha.

Basi ikawa vita ya kijiko, na kila chupa ilipokwisha Otema alirudi dirishani. Alikinywa juu ya paa la choo, alikinywa chini ya kitanda, alikinywa akiwa ameshikwa na Laker kwa miguu kichwa chini, jambo ambalo halisaidii dawa kushuka. Mwishowe yeye mwenyewe alivumbua njia: anakunywa akiwa amesimama ukakamavu kama askari, Otema anampigia saluti, naye anarudisha kwa kijiko. Meno yalitiwa weusi. Choo kilikuwa cheusi, na ijapokuwa Kaltumi alikuwa ameonya, Bibiane alipokiona aliita watakatifu sita kwa majina. Dodo ikapandwa nyuma ya nyumba. Ndimu ikaibwa kwenye uzio wa watu, Mungu atusamehe. Ini lililetwa na Laker Jumamosi, limefungwa kwa jani la mgomba, na ukimwuliza limetoka wapi alisema, "Kwa ng'ombe."

Kila asubuhi Bibiane aliandika ukutani kwa mkaa, juu ya lile shimo, ni mara ngapi ameamshwa na teke. Wiki ya kwanza: tisa, tisa, kumi, nane. Wiki ya pili ilikuwa hiyo hiyo, na akakata tamaa wazi wazi, akamwambia Laker kwamba Kaltumi naye ni Anselme mwenye miwani. Wiki ya tatu akagundua kitu kingine: shimo halikuwa limeongezeka. Wiki ya nne palikuwa na saba, tano, sita, nne. Wiki ya sita palikuwa na moja, na tena ilikuwa ya paka.

Ndipo ikaja asubuhi moja Bibiane akafungua macho na kuona jua limejaa chumba. Alilala hivyo akishangaa, hakuna kilichomuuma. Kisha moyo ukampasuka. Kimya! Aliruka, akamwekea Nabintu mkono puani. Pumzi ilikuwapo, ndefu, ya moto, na mate kidogo kwenye mto. Miguu ile miwili ilikuwa imelala sambamba, imechoka kama miguu ya watu wengine. Bibiane alikaa sakafuni karibu nayo akalia kwa raha zake, na hakumwamsha mtu. Shule siku ile walichelewa wote wawili, na mwalimu hakukasirika sana, maana wiki ile Nabintu alikuwa ameandika sentensi nne.

Usingizi ukirudi, akili hurudi nao, na akili ina ubaya wake: inaona. Bibiane aliyelala siku kumi mfululizo alianza kuona wazi alilolifanya. Kila tepe ile ilipopita ng'ambo ya barabara alijificha nyuma ya cherehani. Na Jumanne moja, wiki ya nane, saa nane mchana, Otema aliingia bila kubisha, shati mkononi, fulana ya ndani imelowa jasho, masikio yameanguka.

"Alhamisi kuna paredi kubwa. Mukubwa amefika, na kitabu. Watasoma majina yote, jina na cheo. Toa, Mama Nabintu. Toa leo."

Bibiane alitazama shati, kisha akatazama chupa dirishani. Vilibaki vijiko vitatu. Kaltumi alisema miezi mitatu bila kukatiza, na tepe ndiyo dawa, na dawa ndiyo usingizi, na usingizi ndio darasa la Nabintu. Nisiseme uongo: alisita. Alisita kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu akachukua wembe, maana mtu alikuwa mbele yake akitetemeka, na alikuwa na watoto.

Tepe ilitoka vizuri. Alama iliyobaki nyuma yake ndiyo iliyokuwa balaa. Miezi miwili ya jua na kufuliwa ilikuwa imelipausha shati zima, isipokuwa pale. Chini ya tepe ya tatu kaki ilikuwa mpya, nyeusi nyeusi, imechorwa umbo lile lile, kila mkono. Hata kipofu angeihesabu.

"Sasa ni mbaya kuliko kwanza," Otema alinong'ona. "Wataona nilikuwa nayo."

Bibiane wa mwezi wa pili angezimia. Bibiane huyu alikuwa amelala. Alilishika shati, akaligeuza nje ndani, akatazama upande wa ndani wa kitambaa, ambako jua halikufika.

"Kwetu Bukavu tunageuza kola ikichakaa," alisema. "Nitageuza shati zima."

"Yote?"

"Yote. Mikono, mfuko, kola, kifua. La ndani litakuwa nje. Nenda ukapumzike, Afande, na usinisimamie, unanizuia mwanga."

Kulifumua shati la serikali ni kazi. Uzi wake ni mgumu, mishono yake mara mbili, na kila uzi unaobaki kwenye tundu utalisaliti. Nabintu alirudi kutoka shuleni akakuta shati la Otema limekuwa vipande kumi na moja mezani.

"Limekufa?"

"Halijafa. Kaa hapa. Chomoa nyuzi zote zilizobaki, moja moja, usichane kitambaa."

Alisema hivyo bila kufikiri, kama unavyomwambia mtoto yeyote. Akainamia kazi yake. Alikata, akapiga pasi ya mkaa kwenye kitambaa chenye maji ili matundu ya sindano yafunge, akapanga, akashona kola. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limehama kutoka mlangoni hadi kwenye jiko. Nabintu alikuwa bado amekaa. Ulimi nje kidogo, vidole viwili kama mdomo wa ndege, anachomoa. Pembeni yake palikuwa na kilima kidogo cha nyuzi. Mguu mmoja ulikuwa ukicheza chini ya meza, polepole, kwa starehe yake tu.

Bibiane aliogopa hata kuhema. Akakanyaga cherehani taratibu ili asimshtue mtoto wake asije akakumbuka kwamba yeye huwa hakai. Siku mbili walifanya kazi hivyo, na Jumatano kabla ya giza shati lilikuwa limekwisha, limenyooka, tepe mbili kila mkono. Nabintu ndiye aliyezihesabu. Alizihesabu mara tatu, kwa sababu alipenda.

Alhamisi paredi ilisimama juani. Wanawake walichungulia kutoka ng'ambo, Laker katikati yao. Kitabu kilisomwa. "Koplo Otema!" "Afande!" Mkubwa alisimama mbele yake, akatazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto, akashika kitambaa kwa vidole. Laker alimfinya Bibiane mpaka damu ikasimama.

"Wewe peke yako una shati ambayo si kuukuu," mkubwa alisema. "Wengine hawaoni aibu?" Akapita.

Na wale waliomwita Sajini miezi miwili? Walimwita Koplo siku ile ile, bila kupepesa jicho. Kama hukuuliza mtu alivyopanda, utaulizaje alivyoshuka? Laker alirudi nyuma ya foleni ya bomba, na wanawake, kwa adabu kubwa, walimwachia nafasi ya mwisho kabisa.

Jioni Bibiane alimpa Nabintu kijiko cha mwisho na kuiweka chupa tupu juu chini ili hata tone lishuke. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilikuwa na shimo katikati. Dodo ipo, alijiambia. Ini lipo Jumamosi. Maji ya miguu yapo. Mwezi mmoja uliobaki atauombea.

Otema aliingia akiwa na kikapu cha Laker mkononi. Hakuketi. Alitoa chupa moja nyeusi, akaiweka juu ya cherehani. Akatoa ya pili, akaiweka kando ya mwenzake.

Bibiane alizitazama. "Umezipata wapi? Huna tepe."

"Jumanne nilikuwa nayo," Otema alisema, akitazama miguu yake. "Waliposema habari ya paredi asubuhi, nikajua ile tepe imekwisha. Nikaona, kabla ya kuileta kwako, niitumie mara moja tena. Nikasema nataka mbili, naenda safari."

"Jumanne? Na yule bwana wa kitabu alikuwa tayari amefika kambini!"

"Alikuwa amesimama pale pale dirishani, karibu kama wewe na mimi. Miguu yangu ilipiga kuliko ya Nabintu." Akakuna sikio. "Ulisema miezi mitatu bila kukatiza. Mimi nilisikia."

Bibiane, ambaye miezi miwili alikuwa amemhesabu mtu yule kuwa mpenda viti, alizikumbatia chupa zote mbili. Akalia mbele yake bila kujificha, kanga mdomoni. Nabintu, akiona kijiko kipo na chupa zipo, alisimama ukakamavu mwenyewe, akapiga saluti. Koplo Otema akairudisha, ya kweli, ya paredi.

"Nitakushonea shati lingine, Afande," Bibiane alisema, akitoa kanga mdomoni. "Kaki ninayo, Mushagalusa aliiacha. Bure kabisa, na usibishe."

Otema alicheka, masikio yakarudi mahali pake. "Na tepe ngapi?"

"Mbili," alisema Bibiane, akipangusa macho na kuivuta futi. "Siku hizi nimelala, naweza kuhesabu."